SOMO LA KILIMO: VIPARA VYA KIWANJA



Huku kwetu Kasongo, na kule Kabambare pia, mvua inarudi mwezi wa Septemba, na ndio wakati mzuri wa kupanda majani ya kiwanja. Lakini nyuma ya mwezi moja mara nyingi tunaona hivi: pahali hapa majani mazuri, pahali pale udongo mtupu. Watu wanasema, "Mbegu ni mbaya!" Wanarusha ingine juu yake, nayo inapotea vilevile. Somo la leo ni hili: kipara ni alama ya shida. Tafuta shida kwanza, ndipo upande.

Jambo hili si mchezo. Mvua ikipiga udongo mtupu, maji inakimbia nao. Mwaka kwa mwaka msingi wa darasa unabaki wazi, mpaka ukuta unapasuka. Mizizi ya majani ndiyo inashika udongo.

1. NGOJA. Mbegu ya pasipalumu ina ganda gumu, haioti yote siku moja. Ingine inatoka nyuma ya majuma mawili, ingine manne ao zaidi. Usihukumu kiwanja mbele ya juma la sita.

2. ULIZA KIPARA. Choma kijiti katika udongo. Kama hakiingii, udongo umekanyagwa sana. Kama mbegu zimeota kwa wingi chini ya mtelemko na juu hakuna kitu, maji ndiyo ilizichukua. Kama ni chini ya mwembe, ni kivuli. Kama kuku wanachakura pale kila asubuhi, umekwisha kumjua mwizi. Na kama kipara ni mstari toka darasani mpaka chooni, ni miguu yetu wenyewe!

3. DAWA. Udongo mgumu: lima kina cha vidole vine, changanya na mavi ya mbuzi iliyooza vizuri (mabichi yanaunguza mizizi). Mtelemko: panga mawe ao miti kwa kukata mbio ya maji. Kivuli: punguza matawi. Njia ya miguu: usipande kitu, panga mawe, ibaki njia.

4. JAZA. Usirushe mbegu tena. Chimbua vipande vyenye mizizi pale majani ni mengi, uvipande kila shibiri moja, kanyaga kidogo, mwangia maji asubuhi na mangaribi mpaka vishike. Pasipalumu inatambaa, itafunga nafasi yenyewe. Wazazi wetu wanajua kazi hii katika mpunga, mmea uliofika huku na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19: shimo lisiloota linajazwa mapema, kusudi shamba lote likomae pamoja.

5. LINDA. Zungusha vijiti na kamba. Mpira uchezwe pahali pengine mpaka majani yashikane. Na siku ya salongo tusiparue majani kwa jembe mpaka udongo uonekane. Tukate juu juu tu. Tumalize kazi hii mbele ya mwezi wa Mei, sababu toka Juni mpaka Agosti jua litakausha mizizi michanga.

MASWALI
a) Kwa nini kurusha mbegu mara ya pili mara nyingi ni kazi bure?
b) Pimeni vipara vya kiwanja chetu kwa kijiti. Kila kimoja kina sababu gani?
c) Njia yetu ya kwenda chooni ipite wapi? Kila darasa lilete shauri moja.