Kiapo juu ya kichwa cha mtoto

*Mama, nakuandikia kutoka Piana-Mwanga. Mimi ni mchimbaji wa kasiterite, baba wa watoto wanne. Pombe ya lutuku nimeinywa tangu ujana. Nilipookoka niliacha, nikarudia, nikaacha tena, nikarudia. Mke wangu alipojifungua binti, nilimwekea mkono kichwani nikaapa: nikionja tena, laana imwangukie yeye. Haukupita muda nikanywa. Usiku uleule mtoto akashikwa na homa. Amepona, lakini mimi silali. Nikikaa siku moja bila kunywa, mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Mchungaji anasema dawa za hospitali ni kukosa imani. Tena, anayepika lutuku pale nyumbani ni mke wangu mwenyewe, na ndiyo inayolipa masomo ya mkubwa wetu. Nifanye nini?*
*Baba Mwenye Deni*

Baba, tuanze na mtoto, maana ndiye anayekunyima usingizi. Homa ya kichanga huku kwetu jimboni Tanganyika, Kongo, mara nyingi huletwa na mbu, wala mbu haulizi baba amekunywa nini. Ikirudi, usikae ukihesabu dhambi zako. Mbebe saa ileile mpaka kituo cha afya apimwe malaria, na kila usiku alale ndani ya chandarua.

Kile kiapo, kivunje. Unazijua habari za Yefta katika kitabu cha Waamuzi: aliahidi kitu ambacho Mungu hakumwomba, na aliyelipa ni binti yake, aliyetoka kumlaki kwa ngoma. Wahubiri wengi humsifu kwa uaminifu wake. Mimi kila nikiisoma ile sura namwona baba aliyetafuta ushindi kwa mali isiyo yake. Kichwa cha binti yako si chako hata ukiweke rehani. Kaa na mama yake, mpige magoti pamoja, uyafute maneno yale kwa sauti. Tena omba msamaha wa kuapa kwanza. Ule wa kunywa utafuata. Mtoto anaweza kuwa sababu yako ya kuacha, na sababu nzuri sana. Kukulinda wewe usinywe si kazi yake, naye bado ananyonya.

Sasa ile mitetemo. Mwili uliozoea pombe kali kila siku, ukinyimwa ghafla, unaasi. Katika siku 2 au 3 za kwanza mtu anaweza kuanguka kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Kwa hiyo usijifungie mlimani kwa mfungo mkavu ukidhani utamaliza jambo hili huko, wala usikate kabla hujamwona muuguzi. Mwambie kiasi unachokunywa kweli (wanaume wakiulizwa hutaja nusu). Zipo dawa za kuutuliza mwili siku hizo, na vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini. Ukiwahi kuanguka kifafa, uliza jinsi ya kupelekwa hospitali kubwa. Lubumbashi kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Docteur Joseph Guislain. Ni mbali, najua, na barabara zetu ni hizihizi.

Mchungaji wako mheshimu, ila msimulie habari za Bill Wilson, Mmarekani mlevi aliyeshindikana. Desemba 1934 alikutana na Mungu akiwa kitandani hospitalini New York, chini ya matibabu ya daktari Silkworth. Mwaka uliofuata yeye na mlevi mwenzake, daktari Bob Smith, walianzisha chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, ambacho leo kimeenea duniani kote. Daktari hakumfukuza Mungu chumbani mle. Na walichogundua wale wawili ni kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake. Kanisani kwenu hapakosi mzee aliyeiacha lutuku miaka mingi iliyopita. Mtafute huyo, umwendee jioni ile kiu inapoanza, usingoje Jumapili.

Limebaki pipa la mkeo la kupikia lutuku, na hapa nitakukwaza. Naona unataka nimwambie aache. Simwambii. Vita vilipomaliza kilichokuwa kimebaki cha migodi mikubwa ya Manono kwenu, mwanamke wa huko ameachiwa njia ngapi za kupata franka? Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019. Sekondari bado inalipiwa, na miaka yote aliyelipa ni yeye, wakati wewe unalewa. Unachoweza kumwomba leo ni kidogo: lutuku isiuzwe tena uani kwenu, wanywaji wasikae barazani, apeleke yote kwa muuzaji mwingine siku anayoipika. Baadaye mahindi na mihogo ileile inaweza kuuzwa unga wa bukari, na akina mama wenzake wa mchango wa likelemba wanaweza kumpa zamu ya mapema apate mtaji.

Wakati huo, siku ya kuuza madini, mkeo awepo pale mnunuzi anapopima, na makuta yaingie mkononi mwake kabla wenzako hawajakuita. Lipa wewe masomo ya miezi mitatu ijayo. Ukishalipa, ndipo mzungumze habari ya pipa.