Gemu ya duara: namna ya kuzitania gemu za simu kwa faili moja

Kijana wa Ushirombo, Geita, anajua dhahabu inavyopatikana. Ameona ndugu yake akishuka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, alfajiri na kupanda jioni na viroba vya mawe ambavyo bado si pesa: vinasubiri karasha ya kuvisaga, na kuna mgawo wa mwenye eneo, wa mwenye duara na wa wachimbaji. Kijana huyohuyo akishika simu, anagonga mwamba mara moja, sarafu inaruka. Kejeli nzuri imelala hapo katikati, na unaweza kuitengeneza kwa faili moja linalofunguka kwenye kivinjari.

Kwanza, chagua zoea moja tu la gemu. Mwaka 2008 Mmarekani John Cooney alitoa Achievement Unlocked, ambamo tembo mdogo anatunukiwa kwa kila kitu: kwenda kushoto, kuruka, hata kufa. Mwaka huohuo Kian Bashiri wa Sweden alitoa You Have to Burn the Rope. Jina lenyewe linakuambia namna ya kumshinda adui, na wimbo wa kukusifu mwishoni ni mrefu kuliko kazi uliyofanya. Kila mmoja alishika kitu kimoja, akakibana mpaka mchezaji akakiona.

Mimi ningeshika kupanda levo. Weka kitufe kimoja: CHIMBA. Kila kikibonyezwa, duara linaongezeka futi moja, na kila futi tano maandishi makubwa yanawaka: “Hongera! Umepanda levo!” Dhahabu haijaonekana. Levo ya tatu mchezaji anapewa kofia ya rangi nyingine. Levo ya nne anapata kiroba cha kwanza, nacho kinagawanywa mbele ya macho yake.

Fungua Notepad, au programu yoyote ya maandishi kwenye simu, na hifadhi faili kwa jina duara.html. Vihifadhi vyako (variables) vipe majina ya Kiswahili: let futi = 0; let viroba = 0; ukirudi baada ya mwezi utaelewa ulichoandika. Usisahau mstari wa meta viewport, maana bila huo maandishi yatakuwa madogo kama punje za mtama kwenye simu. Kwenye mtindo wa kitufe andika touch-action: manipulation, la sivyo anayebonyeza haraka ataukuza ukurasa badala ya kuchimba. Picha na sauti za kuvutwa mtandaoni ziache. Rangi, maandishi na emoji vinatosha, na faili litabaki dogo kiasi cha kutumwa kwa Bluetooth na kuchezwa bila bando. Kwa WhatsApp, litume kama dokumenti. Mwambie mpokeaji achague Chrome, kwa sababu simu nyingine hufungua faili la namna hii kwa kisomaji kisichoendesha JavaScript, na kitufe kinakaa kimya.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Kejeli iende kwa gemu, isimguse mchimbaji. Gemu nyingi huwapa watu roho tatu. Wewe usiweke duara linaloporomoka ili mtu “afufuke” tena. Ukanda wa Geita una nyumba zilizopoteza mtu chini ya kifusi, na gemu yako itafika kwenye nyumba hizo. Mchimbaji wako awe ndiye mwenye akili kwenye skrini. Gemu ikipiga tarumbeta, yeye aulize: “Hiyo levo inanunuliwa bei gani sokoni?”

Ukimaliza, mpe simu dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, na usimweleze chochote. Tazama kidole gumba chake. Akicheka kwenye hongera ya pili, umepata. Akiuliza “inaisha lini?” kabla hajacheka, punguza mibonyezo, futi ishirini kwa gemu nzima si haba. Akirudi juu kuusoma tena ule mgawo wa kiroba, kisha akamwonyesha mwenzake, usiguse kitu.