KOSA LIKIWA LA MWALIMU
Kijitabu kwa wazazi, wanafunzi na walimu wa Garsen na Tana River nzima kuhusu makosa katika mitihani ya Hisabati

Soma hapa kwanza, hata usiposoma kwingine

Karatasi ya mtihani ikirudi nyumbani na alama zisizoeleweka, isiguswe kwa kalamu. Asiiguse mtoto, asiiguse kaka yake aliyemaliza kidato cha nne, asiiguse mwalimu wa tuisheni. Usizungushie kosa duara, usiandike jibu sahihi pembeni, usifute kitu. Karatasi iliyotiwa wino usio wa msahihishaji baada ya kusahihishwa haithibitishi chochote tena, na ofisi yetu ya elimu haitaipokea. Tumewarudisha watu kwa sababu hiyo na tutaendelea kuwarudisha.

Malalamiko yamezidi, na mengi ni ya Hisabati. Hilo halitushangazi. Katika insha mzazi hana la kumwambia mwalimu, lakini katika hesabu hata mama anayeuza maembe stendi ya Minjila anajumlisha haraka kuliko sisi wa ofisini. Akiona 4, 3 na 5 zimeandikwa 11, atataka kujua hiyo moja imekwenda wapi. Ana haki ya kuuliza.

Kwa nini jambo hili ni zito sasa

Wakati wa KCPE, mtihani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, alama za darasani zilibaki darasani. Sasa sivyo. Matokeo ya mwanafunzi wa Gredi ya 9 yanajengwa na mtihani wa KJSEA kwa asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 kwa asilimia 20, na asilimia 20 iliyobaki inatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kazi za tathmini hizo na mwongozo wake hutoka Baraza la Mitihani, KNEC. Anayesahihisha ni mwalimu wa mtoto wako, na alama huingizwa na shule kwenye mfumo wa Baraza. Mwalimu huyo huenda anafundisha masomo ambayo hakuyasomea chuoni, kwa sababu sekondari msingi nyingi zina walimu wachache na masomo ni tisa. Shule isipokuwa na mtandao wa kutegemewa, alama huchukuliwa kwenye daftari hadi saiba mjini, na hapo ndipo 73 inapogeuka 37 kidoleni mwa mtu aliyechoka.

Msidhani makosa ni ya shule za vijijini peke yake. Matokeo ya KCPE yalipotangazwa Novemba 2023, wazazi kote nchini walipokea ujumbe wa simu ulioonyesha alama za Lugha ya Ishara ya Kenya kwa watoto waliofanya Kiswahili. Baraza lilikiri hitilafu katika mfumo wa ujumbe na kuwaelekeza watu kwenye matokeo yaliyo katika tovuti yake. Ikiwa Baraza zima liliweza kukiri hadharani, mwalimu wa Hisabati hapotezi heshima kwa kusema, “Hapa nimekosea.”

Swali lenyewe likiwa bovu

Mfano huu tumeutunga, ila wa aina yake si mgeni kwa yeyote aliyewahi kusahihisha. Gredi ya 8 wanaulizwa, kwa alama 4 kati ya 40, eneo la shamba la pembetatu lenye pande za mita 5, mita 7 na mita 13. Mwalimu alikusudia 5, 12 na 13, pembetatu yenye pembe mraba, na mwongozo wake wa kusahihishia unasema mita mraba 30. Aliyechapa akaandika 7. Sasa kata kamba ya mita 5 na nyingine ya mita 7, uziunge: zinafika mita 12, na upande wa tatu unataka 13. Shamba hilo halipo, si Garsen si Kipini. Mtoto mmoja amezidisha 5 kwa 7, akagawanya kwa mbili, akapata 17.5. Wa pili ameacha wazi. Wa tatu ameandika kwamba pembetatu hii haichoreki, akatiwa X nyekundu na sifuri. Hakuna hata mmoja aliyepata 30, kwa kuwa njia ya kufika kwenye 30 haikuwa kwenye karatasi.

Msimamo wetu: wote watatu wapewe alama 4, na darasa zima vilevile, hata wale ambao wazazi wao hawakuja kulalamika. Kulifuta swali na kuhesabu kwa 36 kunaonekana nadhifu, lakini mtoto aliyegundua kasoro, ambaye ndiye aliyefanya Hisabati kuliko wote, anaondoka mikono mitupu. Walimu wengine hupinga kwamba aliyeacha wazi hastahili. Apewe. Hatujui kama aliacha kwa uvivu au alijaribu kuichora mara tatu ikakataa.

Kasoro ikionekana mtihani ukiendelea, ielezwe kwa vyumba vyote kwa wakati mmoja na dakika ziongezwe kwa wote. Kuna shule ambako mkondo wa Mashariki huambiwa na wa Magharibi hauambiwi, kwa sababu msimamizi alikuwa anatembea upande mmoja. Huo ni upendeleo hata kama haukukusudiwa. Na mitihani ya kununua isifunguliwe asubuhi ya mtihani. Mwalimu aifanye mwenyewe kwanza, kalamu mkononi, kabla mtoto hajaiona.

Alama za njia

Wazazi hawalijui kosa hili, na ndilo linaloumiza zaidi. Mtoto ameulizwa hekta za shamba la mpunga lenye urefu wa mita 120 na upana wa mita 45. Amezidisha, akaandika 5,040 badala ya 5,400. Akagawanya kwa 10,000, akapata 0.504. Jibu si sahihi, lakini njia ni sahihi hatua kwa hatua. Wasahihishaji wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hutenganisha alama za njia na alama za jibu. Huyu angepata 2 kati ya 3. Mwalimu anayetazama mstari wa mwisho peke yake na kuandika 0 amekosea, na kosa lake halionekani kwa kujumlisha. Mzazi, muulize mwalimu: “Njia yake umeipa ngapi?” Swali hilo halina matusi ndani yake.

Utaratibu wa kufuata

Mwanafunzi ndiye anayeanza, kwa adabu, baada ya kipindi, bila hadhira: “Shikamoo mwalimu. Naomba uniangalizie swali la 14.” Mwalimu aangalie papo hapo au ataje siku. Akirekebisha, atie sahihi na tarehe kando ya alama mpya, kisha abadilishe na daftari la alama. Karatasi ikirekebishwa na daftari likaachwa, kinachopakiwa ni kile cha daftari, yaani lile kosa la zamani.

Mwalimu akikataa, mzazi aende kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ampe karatasi mwalimu mwingine wa Hisabati aisahihishe upya bila kuambiwa alama ya kwanza. Kutoka hapo ni afisa wa mitaala, kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Zidai.

Na karatasi isiguswe. Tunarudia kwa sababu kuna watakaofika ukurasa huu na bado waje na duara la wino mwekundu.

Mtoto asichapwe kwa kumwonyesha mwalimu kosa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili, na kumwita mtoto “profesa” mbele ya darasa ili achekwe, sisi tunakuhesabu humo humo.

Mzazi naye asiende darasani kufoka. Zaidi ya hayo, asipeleke karatasi kwenye kundi la WhatsApp la kijiji na kuandika kwamba mtoto amenyimwa alama kwa kuwa mwalimu ni Mpokomo na mtoto ni Muorma, au kinyume chake. Delta hii ilizika watu katika mapigano ya jamii hizo mwaka 2012. Mwenye ushahidi wa ubaguzi aulete kwetu. Asiye nao anyamaze. Shule zinaweza kuuzima uvumi huu kwa urahisi: watoto waandike namba ya tathmini badala ya jina, na msahihishaji asijue karatasi ni ya nani. Tumelisema hili mara nyingi, na zilizotusikia zimepata utulivu. Hizo tunazipongeza, na sisi wenyewe kidogo.

Alama za bure

Mtoto aliyejumlishiwa zaidi katika mtihani wa kawaida wa muhula, akajitokeza mwenyewe, tunawashauri walimu wamwachie alama hizo. Akinyang’anywa, mwakani hatajitokeza yeye wala mwenzake. Katika tathmini zinazopakiwa KNEC hakuna kuachiana, alama irekebishwe juu au chini kabla mfumo haujafungwa.

Nani anaruhusiwa kulalamika

Mzazi, mlezi, au mwanafunzi mwenyewe. Malalamiko ya KPSEA, KJSEA na KCSE hupitia kwa mkuu wa shule kwenda KNEC, ndani ya muda uliotangazwa na Baraza. Ya mitihani ya darasani yaletwe kabla muhula haujafungwa. Anayetoka Ozi, Kau au ng’ambo yoyote ya mto maji yakiwa yamejaa, atume taarifa kwa simu kupitia mwalimu mkuu na karatasi ifuate baadaye. Njoo na karatasi yenyewe, karatasi ya maswali, na jina la darasa na mkondo. Picha ya simu hatupokei, na fotokopi haitoshi, kwa kuwa haionyeshi rangi ya wino.