SOMO LA AFYA: Kumpima mama mjamzito bakteria kabla ya kujifungua



Somo la robo hii limetokana na swali. Baadhi ya marafiki zetu wa nje wametuuliza, na kamati za sharika nazo zimeuliza, kwa nini akina mama wanaohudhuria kliniki katika vituo vyetu hawapimwi bakteria waitwao streptokoki wa kundi B, wakati Marekani kila mjamzito hupimwa. Wapo walio tayari kuchangia fedha. Tunawashukuru sana, lakini kabla fedha hazijatoka mfukoni tuelewane vizuri.

Bakteria hawa hukaa kwenye utumbo na ukeni kwa wanawake wengi wenye afya njema, wala hawawasumbui. Huu siyo ugonjwa wa zinaa, na siyo dalili ya uchafu. Tunalisema mapema kwa sababu tunajua maneno ya mtaani yanavyosafiri: mama akisikika tu kwamba "amekutwa na bakteria", nyumbani maswali yanaanza. Katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2009, wajawazito 23 kati ya kila 100 walikutwa nao. Kilifi, pwani ya Kenya, katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, walikuwa kama 12 kati ya kila 100. Kwa hiyo katika kila usharika wamo.

Hatari ni kwa mtoto. Mama mwenye bakteria hawa asipotibiwa wakati wa uchungu, karibu nusu ya watoto huwapata wakati wa kuzaliwa. Wengi hawadhuriki, ila mmoja au wawili kati ya kila watoto 100 wa mama hao huugua, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Bakteria huingia kwenye damu, kwenye mapafu au kwenye utando wa ubongo. Mtoto hupumua kwa shida, hukataa kunyonya, hulegea. Tukichukua hesabu ya Muhimbili, kwa kila wajawazito 1,000 tungetarajia watoto 2 hadi 5 waugue. Ni wachache, lakini mtoto wa siku moja hana muda wa kusubiri gari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba bakteria hawa huua karibu watoto wachanga 100,000 kila mwaka duniani, na karibu nusu ya mzigo huo uko Afrika kusini mwa Sahara.

Marekani walianza kutoa mwongozo wa kitaifa mwaka 1996, na mwaka 2002 wakaamua kila mjamzito apimwe. Watoto wanaougua katika wiki ya kwanza walipungua kutoka karibu 2 kwa kila 1,000 mwaka 1990 hadi pungufu ya robo ya mmoja kwa 1,000 mwaka 2015. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini si nchi zote tajiri zimefuata. Uingereza haipimi kila mjamzito. Wao huangalia dalili za hatari. Ujerumani wataalamu hupendekeza kipimo, ila kwa kawaida mama hujilipia. (Marafiki zetu wa huko huenda wakashangaa kusoma hivyo.)

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mimba ikifika wiki ya 36 au 37, muuguzi huchukua sampuli ukeni na kwenye njia ya haja kubwa kwa kijiti chenye pamba. Maabara huiotesha, na majibu hutoka baada ya siku mbili au tatu. Mwenye bakteria hapewi dawa siku hiyo. Vidonge vya wakati wa mimba havisaidii, kwa kuwa bakteria hurudi kabla ya kujifungua. Hivyo mtu asikimbilie duka la dawa. Hata kumpangusa mama kwa dawa ya kuua vijidudu kulijaribiwa Soweto, Afrika Kusini, kwa maelfu ya akina mama, na watoto hawakukingwa. Kinachokinga ni penisilini au ampisilini ya kwenye mshipa, ianze uchungu unapoanza, ikiwezekana saa 4 au zaidi kabla ya mtoto kuzaliwa.

Hapo ndipo penye shida. Zahanati nyingi hazina maabara ya kuotesha vimelea. Sampuli ikisafirishwa na majibu yakarudi, lazima yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, kadi iende na mama, na mama afike mapema. Akifika mtoto anachungulia, au akijifungulia nyumbani, fedha ya kipimo imepotea na mtoto hakukingwa.

Kwa maoni yetu, basi, tusianze na kipimo hiki. Tuanze na mambo ambayo hata bila maabara mkunga anaweza kuyatambua: chupa imepasuka zaidi ya saa 18, mama ana homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa uchungu, uchungu umeanza kabla ya wiki 37, au mtoto aliyetangulia aliugua ugonjwa huu. Mama wa namna hiyo anahitaji mtaalamu na sindano, siyo ushauri wa kusubiri asubuhi. Tena kipo kipimo cha bakteria ambacho tayari kina nafasi kwenye kadi: kaswende. Hutumia tone la damu ya kidole, majibu hutoka kwa dakika chache, na dawa ni sindano ya penisilini. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa, kati ya akina mama waliofuatiliwa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu walitokana na kaswende. Kituo ambacho vitendanishi vya kaswende vimekwisha hakijawa tayari kwa kipimo kingine.

Tunaomba kila kamati, kabla ya kikao kijacho, imwone mganga mfawidhi na kumwuliza: ampisilini ya sindano na dripu vipo leo? Vitendanishi vya kaswende vilikwisha mara ngapi mwaka huu? Mama anayekaa mbali analala wapi wiki ya mwisho, na usiku gari linaitwa kwa nani? Majibu yaandikwe nyuma ya taarifa ya robo mwaka. Palipo na upungufu, kamati ione kwanza kinachowezekana kwa nguvu za usharika, na kinachobaki tutawapelekea marafiki kikiwa na bei yake. Hospitali yenye maabara ya kuotesha vimelea, na ambayo akina mama wengi hufika mapema, ituandikie pia. Hapo mazungumzo ya kupima streptokoki yanaweza kuanza.