Stima Ikirudi, Je, Huduma za Kompyuta Zimerudi?

Mvua kubwa inaponyesha Ahero, stima huweza kupotea mara kadhaa kwa siku. Ikirudi, kompyuta ya dukani au ya chama cha wakulima wa mpunga huwaka kama kawaida. Lakini kazi zinazofanyika chinichini huenda hazikuwaka nayo, na hakuna anayeshtuka.

Somo hili ni la wanaotumia Linux, hasa Ubuntu na Debian. Tangu 2015, mifumo hiyo miwili husimamia huduma za chinichini kwa systemd, na amri kuu ni systemctl. Mfano wa huduma hizo ni cron, ambayo hufanya kazi kwa saa iliyopangwa, kama vile kunakili daftari la mauzo kila jioni. Cron ikizimwa, daftari bado litafunguka. Hasara huonekana siku diski inapoharibika na nakala ya mwisho ni ya miezi iliyopita.

Fungua terminali, kisha fuata hatua hizi:

1. Kagua hali ya huduma:
systemctl status cron
"Active: active (running)" ina maana huduma inafanya kazi sasa. "Enabled", kwenye mstari wa Loaded, ina maana itaanza yenyewe kompyuta ikiwashwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

2. Ianzishe sasa na kila kompyuta inapowaka:
sudo systemctl enable --now cron
Amri ya start pekee huanzisha huduma mpaka kompyuta itakapozimwa tu.

3. Ikikataa kuanza, soma sababu:
sudo journalctl -u cron -b

4. Kompyuta ikichelewa kuwaka, tazama muda uliotumiwa na kila huduma:
systemd-analyze blame
Usiyohitaji, izime. Mfano ni bluetooth, iwapo kipanya na kibodi hazitumii bluetooth:
sudo systemctl disable --now bluetooth

Usizime huduma kwa sababu tu jina lake ni geni. Anayezima cron ili kompyuta iwake haraka huenda amezima nakala za ofisi nzima.

Kumbuka pia kwamba cron hairudii kazi ambayo saa yake ilipita kompyuta ikiwa imezimwa. Panga kunakili saa za kazi, na kila wiki tazama tarehe ya nakala ya mwisho. Weka nakala moja mbali na kompyuta, mahali pa juu ambapo maji ya Mto Nyando hayafiki.