Mwanangu anatimiza miaka 18 Machi, nimpunguzie umri?

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto wawili. Wa kiume yuko kidato cha nne, wa kike ana miaka tisa. Baba yao tuliachana zamani, yuko Songosongo anavua. Miaka miwili iliyopita niliolewa na mwanamume wa hapa hapa Kivinje, lakini ameishi Leicester zaidi ya miaka ishirini na ana uraia wa Uingereza. Sasa anataka kutuombea viza ya familia. Shida ni huyu mkubwa. Machi anatimiza miaka 18, na tumeambiwa akishafika hapo hachukuliwi. Kaka yangu anamjua mtu atakayetengeneza cheti kipya cha kuzaliwa, mtoto asomeke ana miaka 15, na jina la baba liwe la mume wangu ili kusiwe na maswali. Anataka laki tatu, Ijumaa anakuja kuzichukua. Mume wangu yeye anasema nitangulie na mdogo, mkubwa amalize mtihani wake wa Novemba halafu atafuata. Silali, Shangazi. Nikimwacha si nitakuwa nimemtupa?

Mama Wawili, Kilwa Kivinje

Marahaba, mwanangu. Nianze na hizo laki tatu, maana Ijumaa haiko mbali. Usitoe.

Cheti hicho hakitakwenda peke yake. Kitakaa meza moja na karatasi nyingine, na hizo hazikupatana na kaka yako. Kadi ya kliniki ina tarehe yake. Shule ya msingi iliandika tarehe yake siku alipoanza darasa la kwanza, ikaandikwa tena wakati wa mtihani wa darasa la saba, sekondari nao wakanakili. Halafu aje kijana wa kidato cha nne, sauti imeshakuwa nzito, ndevu zinachungulia, aseme ana miaka 15! Waingereza wakigundua udanganyifu katika ombi wanaweza kumfungia mtu miaka 10 asikanyage kwao. Na hilo la jina la baba ndilo baya zaidi, kwa sababu damu inapimwa. Isitoshe, wewe mtu wa Kivinje hukuhitaji kusubiri gazeti likuambie kwamba nasaba ya mtoto haihamishwi kwa kalamu.

Nami kwetu tumeyaona. Kaka yangu alijipunguzia miaka mitatu ujanani ili apate kazi mahali. Magoti yalipochoka akaenda kuulizia kustaafu, akaambiwa arudi baada ya miaka mitatu, bado kijana. Mpaka leo tukimwita "kijana" hacheki.

Sasa tuingie kwenye lenye faida. Uingereza hawaangalii siku viza inatoka, wala siku mtoto anapanda ndege. Wanaangalia umri wake siku ombi linapowasilishwa, yaani siku ada inapolipwa mtandaoni. Siku hiyo akiwa na miaka 17 na miezi 11, ni mtoto, hata kama jibu litakuja ameshaivuka Machi. Kwa hiyo mtihani wa Novemba haukuzuii chochote. Afanye mtihani wake kwa utulivu, ninyi wakubwa mhangaike na fomu.

Ndiyo maana shauri la mume wako, ingawa nia yake njema, ni mtego. Ukitangulia, huyu anaweza kufikisha 18 kabla ombi lake halijawasilishwa, na mlango wa watoto utakuwa umefungwa. Wa jamaa watu wazima upo, ila umewekwa kwa mtu asiyejiweza, anayehitaji kulishwa na kuogeshwa, siyo kijana mwenye afya anayesukuma mashua. Ombeni nyote watatu siku moja, kila mmoja kwa fomu yake.

Lakini umri si kikwazo chenu kikubwa. Kikwazo ni baba wa Songosongo, na wewe umempitia kwa mstari mmoja tu.

Kwa kanuni zao, baba wa kambo huhesabiwa mzazi pale tu baba mzazi anapokuwa amefariki. Wa kwenu yu hai. Basi mtoto hapandi mgongoni kwa mume wako, anapanda mgongoni kwako, na wewe unatakiwa kuonyesha kwamba jukumu la malezi ni lako peke yako, tangu huko nyuma hadi leo. Neno hilo "peke yako" limewahi kubishaniwa sana. Mwaka 2006, katika kesi iliyohusu familia ya Yemeni, baraza lao la rufaa lilieleza kwamba kinachotazamwa ni nani anayeshika usukani wa maisha ya mtoto, nani anayekata mambo makubwa. Bibi anaweza kumlaza, baba anaweza kuleta samaki na nguo za Idi, na bado usukani ukawa wako. Lakini kama shule aliichagua baba, au kila kubwa linasubiri kauli yake, hapo ofisa atakuwa na la kusema.

Utathibitishaje? Watu wa mjini hutoa risiti za ada. Wewe huna, maana tangu 2016 shule za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada. Tafuta vidogovidogo: ripoti za shule zenye sahihi yako, risiti ya sare, ujumbe wa simu wa michango uliyotuma. Ile siku alipougua ukalala naye hospitali ya Kinyonga, karatasi iko wapi? Mwalimu mkuu aandike nani huitwa kijana akikosea. Mwenyekiti wa kitongoji aandike mtoto analala nyumba ya nani. Kisha panda boti uende Songosongo, au mwite mzee aliyesimamia ndoa yenu, baba aandike kwa mkono wake ukweli ulivyo: tangu lini hakai na watoto, nani anaamua mambo yao, na kwamba hana kipingamizi waondoke. Usimwandikie wewe. Barua iliyonyooka kupita kiasi hunuka.

Nakuuliza na hili, kwa sauti ya chini. Talaka yako ya kwanza ilifika mahakamani, au iliishia kwenye kikaratasi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mahakama itoe amri ya talaka, hata kwa ndoa ya Kiislamu, baada ya baraza la usuluhishi kushindwa kuwapatanisha. Kama ni kikaratasi tu, mwone mwanasheria kabla hujajaza kitu, kwa sababu ndoa yako ya sasa ndiyo inayowabeba wote.

Pesa ni za mume wako kuhesabu. Tangu Aprili 2024 anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, na kwa waombaji wapya watoto hawaongezi kiwango hicho. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka kwa mtoto na 1,035 kwa mtu mzima, inalipwa yote mbele, na ada ya kila ombi iko pembeni. Akivuta pumzi ndefu kwenye simu, mwache avute.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kijana mwenyewe anasema nini. Sikumwona. Mjomba amesema, baba wa kambo amesema, wewe umesema. Huyu ni mtu wa miaka 17 anayejua maji yanakupwa saa ngapi, pengine yuko msichana huko karibu na gati, pengine anataka kuendelea kidato cha tano. Na kanuni za Uingereza zinamhitaji awe hajaoa wala hajitegemei. Kama ameanza kulala kambi ya wavuvi na kula jasho lake, lazima ulijue sasa. Muulize leo jioni mkiwa wawili, mdogo asiwepo. Akisema hataki, hujamtupa. Akisema anataka, pasipoti yake ianze kushughulikiwa wiki hii.

Na kaka yako akifika Ijumaa, mkaribishe chai. Mwambie zile laki tatu zimeshakuwa nauli ya watu watatu kutoka Nangurukuru kwenda Dar, kupimwa kifua kikuu na kupiga picha za viza.