Unataka kuwa mshauri wa biashara? Piga hesabu hizi kabla ya kulipia shahada ya ng'ambo

Wanafunzi na wazazi wengi hutumia simu kulipia fomu za vyuo, kuchanga harambee ya safari na kumtumia ajenti pesa zake. Mara nyingi pesa hizo hutoka kabla mtu hajajiuliza swali la kwanza: hii shahada itanifikisha kwenye kazi ninayoitaka? Leo tunaangalia kazi moja inayovutia vijana wengi, ushauri wa biashara, na jinsi ya kuchagua shahada ya ng'ambo bila kumaliza akiba ya familia.

1. Jua ni ushauri wa aina gani

Mshauri hulipwa ili asaidie kampuni, serikali au shirika kutatua tatizo fulani. Lakini jina hilo moja linabeba kazi tofauti:

- Mikakati ya biashara. Hapa ndipo utasikia majina kama McKinsey, BCG na Bain.
- Kodi, hesabu na mifumo ya kompyuta. Deloitte, PwC, EY na KPMG, zote zina ofisi Nairobi.
- Maendeleo. Kampuni kama Dalberg, yenye ofisi Nairobi, hufanya kazi na serikali na wafadhili kwenye kilimo, afya na mengineyo.
- Taaluma maalum. Kwa mfano, uhandisi au mazingira.

Aina hii ya mwisho ina sheria zake. Hapa Kenya, mhandisi mshauri ni lazima asajiliwe na Bodi ya Wahandisi. Kwa hivyo, ukitaka njia hiyo, uliza bodi kama shahada yako itatambuliwa kabla hujalipa hata shilingi moja.

2. Chagua ujuzi, usichague jina la kozi

Wengi hudhani lazima wasome kozi yenye neno "biashara" au "ushauri". Si lazima. James McKinsey, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1926, alikuwa profesa wa uhasibu. Bruce Henderson, aliyeanzisha BCG mwaka 1963, alikuwa amesomea uhandisi. Hadi leo kampuni za mikakati huajiri watu wa hisabati, uchumi, uhandisi na hata udaktari.

Kwenye usaili, kampuni hizi mara nyingi hukupa tatizo la biashara ulitatue papo hapo: faida ya duka imeshuka, tafuta sababu. Hapo wanaangalia unavyofikiri, unavyopiga hesabu na unavyojieleza. Basi ukisoma orodha ya masomo ya kozi, tafuta haya: takwimu, uchumi, fedha, uandishi wa ripoti, na mradi unaofanywa na kampuni halisi. Kama hayamo, jina kubwa la chuo halitakufaa sana.

Angalia pia kiwango. MBA kwa kawaida huwafaa watu ambao tayari wamefanya kazi miaka kadhaa. Ukiwa umetoka chuoni juzi tu, shahada ya uzamili ya menejimenti, uchumi au uchambuzi wa data inakufaa zaidi. Maoni yetu ni kwamba, kwa familia nyingi, kusoma shahada ya kwanza hapa nyumbani, kufanya kazi miaka 2, kisha kwenda ng'ambo kwa uzamili ni njia nafuu kuliko kusomea huko miaka yote.

3. Uliza: nikimaliza, nitaruhusiwa kukaa muda gani?

Ajira ya ushauri inataka muda wa kutuma maombi na kufanya usaili, kwa hivyo swali hili ni la pesa.

- Uingereza: viza ya waliohitimu imekuwa ya miaka 2. Kwa watakaoiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, itakuwa miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu.
- Ujerumani: aliyehitimu anaweza kupata kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi. Lakini hata kozi ikifundishwa kwa Kiingereza, mteja wa kule mara nyingi atataka mshauri anayejua Kijerumani.
- Marekani: miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo, na kozi zilizo kwenye orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati zinaweza kuongezewa miezi 24. Kozi mbili zinaweza kufanana, moja iwe kwenye orodha na nyingine isiwemo. Uliza chuo.

4. Hesabu ya pesa: Uingereza na Ujerumani

Uingereza inataka uonyeshe pesa za matumizi kando na karo. Tangu Novemba 2025, nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi, hadi miezi 9. Jumla ni pauni 10,539. Tukichukulia pauni moja ni KSh 170, hiyo ni karibu KSh 1,790,000. Ongeza karo ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa. Kuna pia ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa wakati wa kuomba viza.

Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo. Hata hivyo, jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wengi kutoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ili upate viza, njia ya kawaida ni kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalum inayokutolea euro 992 kila mwezi. Tofauti ni kwamba pesa hizo zinabaki zako za kula na kulipa nyumba.

Sasa, jambo linalowakwamisha wengi: kwa Uingereza, pesa lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na akaunti iwe kwa jina lako au la mzazi au mlezi wako wa kisheria. Pesa za harambee zikiwa kwa mjomba au mweka hazina wa chama, hazihesabiwi. Na kwa kuwa akaunti ya pesa za simu hapa Kenya ina kikomo cha KSh 500,000, na muamala mmoja KSh 250,000, zihamishie benki mapema, kidogo kidogo. Weka na ziada, maana shilingi ikishuka ukiwa siku ya 20, unaanza kuhesabu upya.

5. Kabla ya kubonyeza "tuma"

Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipia mpango wa masomo ya Finland na Canada. Wapo waliokuwa wameuza mashamba. Jilinde hivi:

1. Thibitisha barua ya kukubaliwa kwa kuandikia chuo chenyewe, ukitumia anwani iliyo kwenye tovuti yake.
2. Lipa karo kwa njia iliyoandikwa na chuo. Ukiambiwa utume kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, simama hapo.
3. Ufadhili unaodai "ada ya kuharakisha" ni wa kutiliwa shaka. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hautozi ada ya maombi. Unataka angalau miaka 2 ya kazi, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka 2.
4. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, na uhifadhi ujumbe wa kila malipo.
5. Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu au ubalozini.

Viwango vya viza hubadilika, kwa hivyo angalia tovuti ya serikali husika wiki unayotuma maombi. Leo jioni, chukua karatasi na uandike mambo matatu: aina ya ushauri unaoutaka, ujuzi unaokupungukia, na pesa ambazo familia inaweza kutoa bila kuuza shamba. Kozi isiyokubaliana na yote matatu, iache.